Jumamosi Kumi na Mbili

Mita yangu ya maji ilikuwa na uzito wa kilo moja na robo.
Nililijua hilo ilipokwisha kuuzwa.
Mnunuzi wa chuma chakavu alimpa Mwinshehe elfu saba;
akala chipsi, akanunua vocha,
na buku mbili zilizobaki zilikutwa ndani ya soksi.

Mimi niliamshwa na maji.
Saa kumi alfajiri, bomba linatapika uani,
maji yananifuata hadi mlangoni
kana kwamba yananishtaki mimi.

Sikuwa na huruma. Niseme hivyo mapema.
Walipomleta wamemshika ukosi,
kijana mmoja aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba kiberiti,
nani ana tairi bovu.
Nami nilinyamaza.
Kunyamaza kwangu hakumo kwenye daftari lolote.

Ni Sikudhani, mtendaji wa mtaa, aliyefungua ofisi,
akamsukumia mtoto ndani, akakaa kizingitini
na khanga zake za mazikoni, maana alikuwa njiani kuzika.
"Anayemtaka anivuke."
Hakuna aliyemvuka.

Mtaa wetu hapa Mburahati ni mdogo.
Unaanzia mashine ya kusaga, unaishia mtaroni;
ng'ambo ya mtaro ana muhuri mtu mwingine.
Ofisi ni benchi mbili
na wino wa kuazima kwa mwalimu.
Humo tulikaa Jumatano: mimi, mtoto, bibi yake,
Lwitiko wa ustawi wa jamii na faili lake jembamba,
na koplo aliyekuwa akitazama saa.

Lwitiko akasema: Mama Nyamizi, njia ni mbili.
Ya kwanza inapita Upanga, mahabusu ya watoto,
tarehe, tarehe nyingine, shahidi hakuja, tarehe.
Ya pili inapita uani kwako.
Nikamjibu: uani kwangu amekwisha kupita.
Bibi yake akacheka, akaziba mdomo,
kisha akalia.

Ikaandikwa: Jumamosi kumi na mbili,
ndoo kumi kila Jumamosi,
kutoka kisima cha msikitini hadi pipani kwangu.
Koplo akasaini. Mtoto akasaini,
herufi za jina lake zikikanyagana.

Ya kwanza alikuja na kiburi na ndoo ya kuazima.
Ya pili alichelewa, nikapiga simu ofisini.
Ya tatu alimwaga nusu njiani;
nikazihesabu ndoo kwa sauti, majirani wasikie.
Ya tano aliniuliza: maji yote haya unafanyia nini?
Nikamwonyesha. Unga wa maandazi,
nguo za watu ninazofua,
dawa za mume wangu, anazonyweshwa kwa kijiko.
Hakusema pole. Alikitazama kijiko.
Ndoo ya kumi na moja aliileta bila kuambiwa.

Wiki ya nane mafundi walifunga mita mpya.
Sikumwambia mtu.
Lwitiko alipopita nililifunika bomba kwa gunia,
nikawa mwizi wa Jumamosi nne.

Mwinshehe aligundua. Angeachaje, yeye na mita?
Alisimama mbele ya gunia,
akaligusa kwa kidole cha mguu,
akaichukua ndoo, akaenda kisimani.

Ya kumi na mbili muhuri uligongwa.
Faili halikwenda Upanga. Halikwenda popote;
limo kabatini kwa Sikudhani,
chini ya orodha ya michango ya misiba.

Jumamosi ya kumi na tatu hakuja.
Ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo nilivyotaka.
Nilitoka uani, nikafungua bomba,
nikajaza ndoo, nikaibeba hadi msikitini na kurudi,
mara kumi,
niujue uzito wake.